Kibuyu Kilichooshwa

Mama Ngosa,

Ninaenda Naviundu kwa mfugaji, kuomba maziwa ya kuganda. Bukari yangu ya chakula cha mchana ifunikwe kwa sahani.

Asubuhi nimekuta kibuyu changu cha maziwa kinang'aa. Nimekuuliza, ukajibu mbele ya jirani: "Baba Ngosa, ile kintu ilikuwa inanuka, nilisukula na sabuni!" Mkacheka wote wawili. Mke wangu, masalia yale ya chini ndiyo mbegu. Yana vijidudu hai vya kugandisha maziwa mapya. Umeua ukoo mzima kabla ya chai.

Dokta alisema mafuta yamezidi katika damu yangu, na mwezi ujao atanipima tena. Gazeti la afya limeandika kwamba vijidudu hivyo huenda vikayapunguza. Nimesoma shule ya jioni, najua maana ya "huenda". Lakini dokta hajanipa jambo lingine la kutumainia, isipokuwa kuacha nyama.

~~Usipike nguruwe tena.~~ Nguruwe ya Jumapili ibaki, kipande kidogo.

Nikirudi, mtu asiguse kibuyu. Cheka unavyotaka. Mimi ninaogopa, na bado ninataka kugombana nawe miaka ishirini mingine.

Mume wako,
Baba Ngosa