Pipa la Dawa na Posa ya Ottilia

Ruanda, Mbinga
9 Julai 1997

Mpendwa mdogo wangu Raimundi,

Marahaba! Naitikia kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hamjambo wote? Joto la Mtwara bado mnaliweza? Huku ni baridi, kahawa tunachuma na masweta.

Anayeniandikia ni mjukuu wangu Ottilia. Akiruka neno ujue ni aibu zake, mimi nimelisema.

Kile kidonda cha kiganjani wamekikata. Ni kansa ya ngozi, ila daktari anasema tumeiwahi. Nyuzi nne! Ugali nalishwa kama bibi harusi.

Sasa sikia. Posa ya Ottilia ilitaka kuvunjika. Mama wa mchumba wake Cuthbert, yule Bonifasia wa Kitai, alikuja kupeleleza ukoo kama desturi. Akasikia marehemu mume wangu, shemeji yako, naye alikuwa na vidonda hivi hivi. Basi, "Dada, ukoo wenu una ugonjwa, mwanangu simtoi." Mtoto alilia siku mbili, hata dagaa usipa wa ziwani hakugusa, na unamjua kwa usipa.

Nikarudi kwa daktari. Akaniuliza dawa ya kupulizia kahawa, ile ya unga ya zamani, tulikoroga pipani na nini. Nikamwambia mkono, mpaka kiwiko, fimbo itajuaje mabonge? Akashika kichwa! Akasema ngozi ina maagizo ndani yake, ya kuiambia ikue vipi na ikome wapi. Sumu ya dawa imeyaharibu, ngozi inaota tu haikomi. Nikamuuliza, nimewarithisha wajukuu? Akacheka: "Bibi, yaliyoharibika ni ya kiganja, na mtoto hazaliwi kiganjani."

Nikadandia lori la kahawa mpaka Kitai na bandeji yangu. "Bonifasia, mimi na marehemu hatukuwa ukoo mmoja! Tulichangia pipa la dawa!"

Akafungua kiganja chake. Vipele viwili vigumu. "Dada, mimi nilidhani sugu za jembe."

Alhamisi nampeleka kwa daktari. Harusi ni Oktoba, na wewe babu yake ndiye utakayemkabidhi. Ottilia anacheka hapa.

Ila Raimundi, kabla ya kukata tiketi, toka nje juani uangalie viganja vyako vizuri. Nyumba nzima hakuna aliyekoroga kukushinda.

Wasalimie Luisa na Jastini. Mungu awalinde mchana na usiku.

Ni mimi dada yako asiyekuchoka,
Scolastika
(kidole gumba cha kushoto, cha kulia kimefungwa)