Maboksi ya Manila Tuliyoyakanyaga

Mpendwa Baba,

Matanga yameisha, turubai limekunjwa, na wote waliokusifu wamesharudi makwao. Jamani, walikusifu! Mzee mmoja kutoka kijijini kwetu Haneti alisimama akasema wewe ndiye mwalimu uliyewafundisha watoto wa pale hesabu kwa mikono, kwa mkasi na karatasi, hata mtoto ambaye hajui kusoma akajua mchemraba una pande ngapi. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nagawa chai, nikaendelea kugawa, maana alisema kweli. Nakuandikia yale ambayo hakuyasema.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Sisi wanao watatu na watoto wa majirani, mkeka uani, karatasi ngumu za manila ulizoleta kutoka shuleni, sufuria ya uji mzito wa kubandikia. Ulituchorea miraba sita iliyoshikana kama msalaba, ukatuonyesha pa kukata na pa kukunja, na karatasi bapa ikainuka ikawa boksi. Niliona muujiza, Baba. Nilikuwa na miaka tisa na nilikupenda hadi nikawa naigiza unavyokohoa.

Halafu ukaguzi. Ulipita na rula yako, na boksi lililopinda hukulichana wewe. Wapi! Uliliweka chini mbele ya mwenye nalo, ukasema, "Kanyaga." Naye alikanyaga, wenzake wakihesabu kwa sauti pembe alizokosea. Ya kwangu niliyakanyaga hadi nikauzoea mlio wake.

Kuna moja sikukosea. Nililipima mara tatu, kila upande sentimeta kumi kamili. Ulizungusha rula ukakosa pa kunikamata, nikauona mdomo wako unataka kufunguka. Nikasubiri useme "vizuri". Hilo tu. Ukaiona alama ya kidole changu chenye uji pembeni.

"Chafu. Kanyaga."

Lile "vizuri" nimelisubiri maisha yangu yote. Nimesoma, nimepata kazi, nimejenga nyumba mjini, Area D, na kila nilipokuletea cheti uliuliza nani alikuwa wa kwanza. Ningekuwa na akili ningeacha kusubiri. Sikuacha.

Kisha kichwa chako kikaanza kupoteza watu, nikakuchukua ukae kwangu. Nesi akashauri upewe kazi ya mikono. Mjukuu wako Upendo alifurahi huyo, akavuta stuli, mkawa mnakata maboksi ya dawa ya meno na kalenda za zamani. Siku moja akakuwekea mchemraba wake mapajani. Mchemraba wenyewe ulikuwa umepinda, Baba, kipofu angeona. Wewe ukaugeuzageuza, ukamwambia, "Vizuri sana, mwanangu. Vizuri sana."

Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Nilikuchukia. Sitafuti neno laini. Nilikuchukia wewe, na kwa dakika nzima nikamchukia na mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia Upendo akacheze kwa jirani. Nikakuwekea manila, rula na mkasi. Mikono yako ilitetemeka, mstari ukaenda unakotaka. Ulipomaliza nikapima, nikaliweka boksi lako sakafuni.

"Kanyaga."

Ukanitazama. "Nimekosea wapi?"

"Pembe nne. Kanyaga."

Ukaunyanyua mguu wako mmoja uliokuwa mgonjwa, ukashika meza usianguke, ukakanyaga. Nilijisikia vizuri, we acha tu! Nikaingia jikoni nikapika pilau, siku ya kawaida, hakuna mgeni wala sikukuu.

Nilifanya hivyo Jumamosi nne. Nilijiambia nakukumbusha, kwamba labda utaikumbuka Haneti, uniombe radhi, ulitamke lile neno langu. Uongo mtupu. Kufikia ya pili nilikuwa nafanya kwa sababu napenda. Ulipochelewa kukanyaga nilihesabu pembe kwa sauti, peke yangu, kama kundi zima la watoto.

Jumamosi ya tano Upendo aligoma kutoka, akakaa ubavuni mwako. Nilipoingia na manila kwapani, uliinuka. Ilikuchukua muda, na mkongojo wako uliukataa. Ukaweka mikono nyuma, ukainamisha kichwa, baba yangu mzazi na mvi zako zote, ukasema, "Shikamoo, mwalimu."

Upendo akacheka hadi akashika tumbo. "Babu, huyo si mwalimu, huyo ni mama! Wewe ndiye unayeamkiwa!"

Hukumsikia. Ulibaki umesimama unasubiri, ukiangalia mikono yangu, na woga wako niliujua kuliko mtu yeyote duniani. Nilikuwa na nafasi, Baba. Ningeweza kuzitupa zile karatasi, nikupigie magoti, nikuamkie mimi, mwanao. Ilikuwa kazi ya sekunde moja.

Jumatano ukaondoka. Msibani waliniuliza kama uliniachia neno lolote la mwisho. Nikawaambia ulinisalimia tu. Wanawake wakalia, wakasema nina bahati, wengine hata salamu hawapati. Hakuna aliyeuliza mimi niliitikia nini.

Niliitikia marahaba. Nikakwambia kaa, na ukakaa, ukaisogeza karatasi karibu.

Pumzika, Baba, na huko uliko usimwinukie mtu.

Binti yako wa kati