Hadithi Niliyouzulia Mwamba

Mpendwa Bi Lorena wa safu ya ushauri, nakuomba unisaidie, mimi ni mzee wa ukoo wa Maji Machungu, miaka themanini na sita, napumua kwa mtungi wa hewa, nilifundisha shule na kila kiangazi nikaongoza wageni korongoni, na kuna jambo limenikaa kifuani kuliko maradhi. Julai moja, zamani, nilikuwa na wageni kumi na wanne, tukafika chini ya ule mwamba mrefu uliosimama peke yake, kuta nyekundu zimetuzunguka hata mbingu imebaki ufito mwembamba, watu wazima wakavua kofia bila kuambiwa, mama mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, mwamba huu una hadithi gani?" Hadithi ninayo, bibi yangu alitusimulia mimi na mdogo wangu Ilene, lakini unajua kwetu hadithi kama ile husimuliwa baada ya baridi ya kwanza, nyoka wakishalala, maana ni mwiko waisikie, nami badala ya kusema hivyo nikaona haya kunyamaza, nikazua nyingine, nikadai ni ya bibi: dada wawili waliongoja mvua mpaka wakawa jiwe. Mama yule akalia, kichwa kikanivimba, nikaisimulia miaka ishirini.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Shandiin, ambaye sasa ndiye anayeongoza wageni, alinipakia garini mwake. "Babu, ukisinzia nakushusha na madumu ya maji!" Nikacheka. Tulipofika jua likapiga ukuta, jiwe likawaka kama kaa, naye akasimama mbele ya wageni akasema, "Hii tumeirithi kwa mababu," akausimulia uongo wangu neno kwa neno, kwa sauti ambayo hata mimi ilinisisimua mwili. Baridi ikiingia anataka kuwafundisha watoto wa shule. Daktari hadhani kama nitaiona baridi hiyo. Nikisema, nitamvunja moyo. Nikinyamaza, uongo ndio urithi wake. Na ile ya kweli nimpe sasa, Agosti, nyoka wakisikia?

Mwalimu wa zamani

*

Baba mdogo, ukoo wako ndio wa baba yangu, basi nakuita hivyo na nitakugombeza kama binti yako.

Pole kwa mtungi. Lakini hayo ya daktari ungemwachia mwenyewe. Hukulelewa kuita usichotaka kije.

Sasa nisikilize. Wale wageni walivua kofia kabla hujafungua mdomo! Mwamba ulikuwa umeshasema nao, wewe ukaudhania bubu. Uliuheshimu mwiko kwa mkono mmoja, kwa mwingine ukampaka bibi yako uongo. Mwalimu mzima!

Hadithi ya kweli usiitoe Agosti. Kosa halioshwi kwa kosa. Ilene yu hai, na kwa ninavyomjua, hajawahi kusahau kitu, hata deni la kondoo. Msimu ukifika, Shandiin aende kwake na kuni na nyama, akae chini, asikilize. Wageni awaambie tu, "Hadithi ipo, ila si ya kiangazi," kisha anyamaze nao watazame juu.

Ila kukiri hakuna msimu. Moyo wa msichana wako utauma, ndiyo, na atakununia siku mbili tatu. Afadhali akununie ungali unamwona kuliko agundue mbele ya darasa, nawe hupo wa kuulizwa.

Usimpe gazeti hili alisome. Lifiche chini ya godoro, mwite, mwambie azime gari kwanza. Anza na neno "nilizua". Mengine yatatoka yenyewe.