Nilijifungia Nje ya Seva, Lawama Akabebeshwa Fundi Nyaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa maana hapa nilipo chakula hakipiti. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi yangu ni simu na miadi, lakini tangu mtunza seva wetu aache kazi akaliacha jitabu lake nene la mitandao na seva, mimi nimelivalia njuga, mpaka mume wangu ananitania eti kitabu ndicho mume mkubwa na yeye mdogo, na bosi alipoona nimedhamiria akanipa nywila nijifunze taratibu. Basi Jumapili nikiwa nyumbani nikaingia kwa mbali kwenye seva, ile kompyuta kuu yenye mafaili ya wagonjwa, nikafika sura ya ukuta wa moto, yaani ule ulinzi unaochagua nani aingie na nani abaki nje, nikaweka amri ya kuzuia kila mtu kabla ya ile ya kuniruhusu mimi, nikabonyeza, kimya, nimejifungia nje na ufunguo uko ndani. Jumatatu wagonjwa wamejaa, mashavu yamevimba, mafaili hayafunguki, daktari anafoka, nikaingia chumba cha seva na kitabu changu, nikakaa mbele ya mashine yenyewe, nikafuta ile amri, mambo yakarudi, watu wakanipigia makofi, na kabla sijafungua mdomo bosi akasema kosa ni la fundi nyaya aliyekuwa darini wiki iliyopita akipitisha nyaya za mtandao, Ijumaa aondoke, na mimi nikabidhiwe seva rasmi. Fundi kaniambia, "Dada, mimi huko sikuharibu kitu, niombee kwa bosi." Mshauri, kazi hii naitaka kwa moyo wote, mapokezi sirudi, je, nikinyamaza tu nikaifanya vizuri, si itatosha?

Karani wa Mapokezi

JIBU

Haitatosha, dada yangu, na unajua, ndiyo maana chakula hakipiti.

Kwanza pole. Kujifungia nje ni kosa la wanaofanya kazi. Asiyeigusa seva hawezi kulifanya. Bidii yako naivulia kofia. Lakini katika kurasa zote ulizomeza, hukuona panaposemwa kila badiliko litajwe, na aliyelifanya ajulikane? Au ulizifunua haraka kwa sababu hazina amri ya kubonyeza? Umepigiwa makofi ya mzimamoto, na kiberiti kiko mfukoni mwako!

Unaogopa kunyimwa seva. Huenda ukanyimwa. Ila mtunza seva anayekosea hufundishika. Anayeficha, siku mafaili ya wagonjwa yakipotea kweli, atatafuta fundi mwingine wa kumsingizia.

Kesho asubuhi, kabla mlango wa wagonjwa haujafunguliwa, mwendee bosi. Mwambie uliweka amri gani, ikaleta nini, ukarekebishaje. Usilie, usijipambe. Kisha omba kompyuta chakavu iliyotupwa stoo, uifanye seva ya mazoezi, uivuruge na kuijenga upya mpaka vidole vizoee. Ukuta wa seva ya wagonjwa usiuguse tena ukiwa mbali. Ukikosa kiti cha mtunza seva, endelea kusoma. Mwenye kujua kazi hakosi pa kukaa.

Ukitoka kwa bosi, usikimbilie mapokezi kujificha. Mtafute fundi nyaya umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine.