Shangazi, Barabara ya Lurdi Ilikuwa Wazi

Shangazi Mghoi,

Nitaanza na lile gumu, maana nikianza na salamu na habari za nyumbani nitalikwepa tena, kama nilivyolikwepa miezi yote uliyokaa kwangu. Kidonge cha minyoo alichopewa yule mbwa, Pepe, kilikuwa kinakubalika mpakani kwa siku tano. Mimi nilikuambia tatu. Tungeweza kupita Lurdi.

Hilo ndilo. Sasa nilieleze polepole tangu mwanzo, kama ulivyokuwa ukinilazimisha nilipokuwa mdogo na nimevunja kitu.

Doreen alipofariki na watoto wake wakaamua kuiuza ile nyumba ya karibu na Alicante, ulinipigia simu ukaniambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba miaka ishirini na mitatu ya kumpikia huko Uhispania imekwisha, na kwamba mbwa wake humwachi. Viza yako ya kututembelea Birmingham ilikuwa imetoka. Ungekaa nasi miezi sita, halafu urudi Taita moja kwa moja, Pepe abaki na binti yangu Neema. Ndege uliikataa. Ulisema Pepe ni mzee, moyo wake mbovu, na hutamlaza chini ya ndege pamoja na masanduku ya watu. Yakabaki mawili: meli ya kutoka Santander hadi Portsmouth, au lile gari lako dogo la bluu mpaka juu kabisa ya Ufaransa, kisha kuvuka.

Nikachukua likizo fupi, nikaja. Nakuona jikoni kwa Doreen, vyombo vyote vimeshafungwa isipokuwa sufuria ya chai, na ramani ya karatasi umeitandaza mezani ingawa simu yangu ilikuwa na ramani. Ulikuwa umeichora kwa kalamu nyekundu. Zaragoza, halafu milimani, halafu duara kubwa ulilolizungusha mara tatu: Lurdi, kwenye pango la Mama Maria.

"Tulale hapo usiku mmoja tu," ulisema. "Asubuhi niende pangoni, niwashe mshumaa wangu, tuendelee. Miaka yote hii nimekaa karibu na Mama Maria namna hii na sijawahi kufika."

Nilikuuliza mshumaa wa nani. Ukasema, "Nitakuambia njiani. Njia ni ndefu."

Nikahesabu siku kichwani. Kwa barabara, na kulala Lurdi, tungefika Birmingham Jumapili. Na Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa mkuu wangu wa wodi, huko Sutton Coldfield, nami nilikuwa nimepewa kiti meza ya mbele. Gauni lilikuwa limeshonwa tayari, linaning'inia mlangoni chumbani kwangu. Gauni, Shangazi. Nimetafuta sababu nyingine ya kukupa na sijaipata.

Ningekuambia tu. Ungenitania, pengine ungenuna mpaka Valencia, pengine ungesema haya basi mwanangu, harusi ni harusi. Lakini niliona aibu kuliweka gauni mezani kando ya ramani yako. Asubuhi ile tulikuwa tumetoka kwa daktari wa wanyama, Pepe amepewa kile kidonge ambacho Waingereza wanakidai kabla mbwa hajaingia kwao, na mhuri umegongwa kwenye pasipoti yake. Nikaichukua ile pasipoti, nikajifanya naisoma.

"Ni siku tatu tu, Shangazi. Zikipita watamzuia mpakani. Kwa barabara hatuwahi."

Ulinitazama. Ukamtazama Pepe, aliyekuwa amelalia viatu vyako. Kisha ukaanza kuikunja ramani, mkunjo kwa mkunjo, ukifuata mistari yake ya zamani. "Basi," ukasema. "Mbwa kwanza."

Sijui kama uliisoma. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Pasipoti ilikaa ndani ya mkoba wako safari nzima, na wewe Kihispania ulikisoma kama gazeti. Kama uliisoma ukajua, ukanyamaza, basi ulinibebea uwongo wangu mpaka kaburini. Kama hukuisoma, uliniamini. Sijui lipi kati ya hayo mawili ni jepesi kwangu.

Mpaka Santander uliendesha wewe. Nilijaribu raundabauti moja tu, nikaingia upande usio wangu, ukapiga ishara ya msalaba na kuniambia nihame kiti. Ulicheka mpaka ukalazimika kusimama pembeni ujifute macho. Huo ndio wakati wa mwisho ninaokumbuka tukicheka pamoja sana hivyo, nami nusu ya kicheko changu ilikuwa ni kupata nafuu kwamba umeacha kuitaja Lurdi.

Halafu meli. Siku ya pili bahari ilichafuka, na kile chumba chetu cha wasafiri wenye mbwa kikawa kinanuka manyoya na dawa ya sakafu. Ilikuwa alasiri, kama saa tisa. Mimi nilikuwa nimelala nikiutazama ukuta, simu haina mtandao, nikiwaza viatu vya kuvaa na gauni. Wewe ulikuwa umeketi ukingoni mwa kitanda chako, Pepe amefunikwa kwa sweta yako mapajani.

"Wakesho," uliita. "Umelala?"

Sikuwa nimelala. Niliisikia ile sauti, nikajua kuna jambo refu nyuma yake, na sikutaka jambo refu. Nikapumua kama mtu aliye usingizini. Ulisubiri kidogo. Kisha nikakusikia unamwambia Pepe kitu kwa Kitaita, polepole, kwa muda mrefu, na mngurumo wa injini ukayameza maneno. Hukuniuliza tena. Si siku hiyo, si siku nyingine.

Portsmouth yule mtu wa mpakani aliitazama pasipoti ya Pepe, akamkuna kichwa, akatupungia mkono tupite. Tukafika kwangu Sparkhill, Birmingham, Ijumaa hiyo, na Jumamosi mchana nikavaa gauni langu, nikakuacha. Neema alikuwa safari ya shule. Nilikuonyesha majani ya chai yalipo na jinsi ya kufunga mlango. Hita sikukuonyesha. Niliporudi jioni nilikukuta umeketi sebuleni na lile koti la Doreen, skafu kichwani, Pepe juu ya miguu yako, na mabasi ya Stratford Road yakitikisa kioo cha dirisha.

Niliuliza kwa nini hukuwasha hita. Ukasema, "Nilidhani nyumba za huku ndivyo zilivyo."

Nilipiga magoti kuiwasha, na gauni lile, na nikakuahidi hapo hapo chini sakafuni kwamba Machi, kabla hujarudi nyumbani, tutapanda ndege mimi na wewe twende Lurdi. Ukasema Machi ni karibu tu.

Hukufika Machi. Ilikuwa Februari, Jumanne, uliinama kufunga kamba za viatu umpeleke Pepe matembezini, na hukuinuka. Mimi nilikuwa wodini, nikiwageuza shangazi za watu wengine vitandani mwao. Siku mbili nilikaa nimeushika mkono wako. Nilikuambia mengi siku hizo mbili, unajua, lakini lile la siku tatu na siku tano sikukuambia hata pale, wakati wauguzi wenzangu walipokuwa wakisema tukuongeleshe, kwamba pengine unasikia.

Tulikuzika Wundanyi, karibu na mama yako. Mwakio alikuja.

Najua ungependa kujua alivyokuwa, kwa hiyo nakueleza. Mwanao ni fundi wa magari Voi, amenenepa kidogo, anatembea kama wewe, kichwa mbele. Alisimama nyuma ya watu wote mpaka padri alipomaliza. Miaka kumi na minne hakusema nawe, tangu mazishi ya bibi yetu ambayo hukuja. Mimi nilikuwepo mazishi hayo. Nakumbuka alikuwa na miaka kumi na saba, na kila gari lililopanda kilima alilitazama.

Watu walipokuwa wanakula, alinifuata kule nyuma ya jiko nilikokuwa nasuuza vikombe.

"Dada," akasema, "wewe ndiye uliyekaa naye mwisho. Mama alisema nini juu yangu?"

Shangazi, nilikuwa nao tayari mdomoni. Alisema anakupenda. Alisema umsamehe. Ungekuwa uwongo mzuri, na angelala usingizi usiku ule. Kikombe kilikuwa mkononi, maji yanatiririka. Nikasema, "Sijui, Mwakio. Alitaka kuniambia kitu melini, nikajifanya nimelala."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Akavaa jaketi lake, akaondoka kabla chai haijamiminwa.

Nilirudi Birmingham nikijua kwamba kama tungepita barabara, kama tungekuwa siku tatu ndani ya lile gari, mimi nawe na Pepe nyuma, ningekuwa na jibu la kumpa mwanao. Ulikuwa umeniambia. Njia ni ndefu. Na mimi niliikata.

Baada ya wiki tatu hivi, Jumapili mchana, alipiga simu. Hakusalimia. Aliuliza ulikuwa unakunywa chai namna gani. Nikamwambia: ya moto sana, tangawizi nyingi, na huwezi kuimaliza, unaacha kidogo chini. Akasema asante, akakata. Jumapili iliyofuata akauliza kama ulikuwa unaimba ukipika. Hapo nikakwama, kwa sababu ulipokuwa unapika mimi nilikuwa kazini. Neema ndiye aliyejibu kutoka kwenye ngazi, kwa Kiingereza chake, kwamba ulikuwa unaimba kila siku, na kila siku wimbo ule ule.

Sikujua mlivyokuwa mkizungumza ninyi wawili. Wewe kwa Kiswahili, yeye akikujibu kwa Kiingereza, mkitembea na Pepe kila alipotoka shule hadi Moseley na kurudi. Miezi minne! Nilimkalisha nikamuuliza ulimwambia nini. Ana miaka kumi na miwili, Shangazi, na alikuwa amekubeba wewe mzima kifuani mwake wala hakuna aliyemuuliza.

Mshumaa ulikuwa wa bibi. Ulimwambia kwamba mama yako alipofariki ulikata tiketi, ukafika uwanja wa ndege, sanduku likiwa na suruali mpya ya Mwakio. Doreen akakupigia simu analia, mumewe ameanguka, yuko peke yake ndani ya nyumba na hawezi kumwinua. Ukaketi kwenye kiti pale uwanjani mpaka ndege ikaitwa. Kisha ukarudi kwa Doreen. Ulimwambia Neema kwamba ndiyo maana ulitaka kwenda pangoni, ukamwambie Mama Maria ulichofanya kabla hujaenda kumwambia mwanao.

Neema aliniuliza, "Tumwambie?" Kwa Kiswahili aliniuliza, mtoto ambaye hata chumvi anaiomba kwa Kiingereza. Nilitamani kusema hapana. Nilitamani tumwambie sehemu ya suruali, tuache ile ya kurudi. Nikasema, "Mwambie yote."

Akamwambia, kwa Kiswahili chake kinachokwamakwama, simu ikiwa mezani kati yetu. Alipofika mahali ulipogeuka, Mwakio akasema, "Kwa hiyo alichagua." Akakata simu.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Na ile nyingine pia. Nilikaa na simu karibu na sinia la mboga nikijiambia nimeiharibu kabisa, kwamba afadhali ningempa ule uwongo mzuri wa kule nyuma ya jiko. Jumapili ya tatu ikaita. Hakunitaka mimi. Alimtaka Neema, na alipopewa alisema neno moja tu, "Endelea."

Anaendelea, Shangazi. Wiki hii amemweleza jinsi ulivyomfundisha Pepe kukaa kwa Kitaita. Mwakio alicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyesahau kwamba amekasirika. Kwamba amekusamehe, sijasikia akisema, na sitakudanganya kwamba amesema.

Mengine ni madogo. Pepe yu hai, ingawa daktari anashangaa. Gari lako limeondoka, nililia lilipovutwa. Lurdi sijaenda. Watu wa jumuiya yetu ya kanisa wananiambia niende nikakuwashie ule mshumaa, lakini sidhani ni wangu wa kuwasha. Mwakio akitaka siku moja, nitampeleka, na tutakwenda kwa barabara, asubuhi hadi jioni, na nitaacha azungumze mpaka achoke.

Nisamehe, Shangazi. Sikuombi kwa sababu umekufa. Nakuomba kwa sababu ulikuwa hai, umeketi hatua mbili kutoka kwangu, ukaniita jina langu, nami nilikuwa macho.

Pumzika sasa. Nakuahidi hili moja ninaloliweza: Mwakio akiniuliza nisilolijua, nitamwambia sijui. Na nikilijua nitamwambia, hata likiwa la kuuma.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Wakesho