Alama Alizopewa Baba

Duluth, 9 Februari

Mdogo wangu Reino,

Simu hupokei, basi soma. Theluji imefika madirishani na paka wako bado ananikwaruza.

Juzi nilikuandikia kwamba Baba ameanguka kutoka paani akiondoa theluji, na yuko hospitalini kwetu, wodi ya mahututi. Kazi yangu unaijua: hospitali kumi na nne tunawapa wagonjwa alama kwa kipimo kimoja, ijulikane nani kaumia kiasi gani. Hairuhusiwi kumpima ndugu yako mwenyewe, kwa hiyo Baba alipimwa na Marlys, mwenzangu wa kazi. Kwenye kuzungumza akampa moja, ya chini kabisa.

"Nimemwita mara tatu, Kaisa. Kimya."

Kompyuta ikasema wagonjwa wa alama zile, saba kati ya kumi hufa. Nikakuandikia hilo, ukajibu kwa ujumbe: "Akiwa anakufa kweli, nitakuja."

Nikaenda kumtazama Baba. Masikio matupu! Walimvua vifaa vyake vya kusikia alipopelekwa kupigwa picha ya kichwa, vikasahaulika mfukoni mwa koti.

"Mwenzangu we," nikamwambia Marlys, "kiziwi unampima kwa kumwita?"

Tukamvalisha, akaulizwa upya.

"Unaitwa nani, mzee?"

"Toivo Niemi. Na acha kunipigia kelele!"

Tano, alama kamili. Sasa kompyuta inasema tisa kati ya kumi hupona.

Kwa hiyo Baba hafi, Reino. Miaka sita wewe naye hamjasemeshana, na kifo ulichokuwa unakisubiri hakipo. Njoo hivyohivyo. Sasa anasikia.

Dada yako asiyebembeleza,
Kaisa