Kifaransa cha Mezani

Katuba, Elisabethville
1 Julai 1962

Mpendwa dada Chileshe,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Musonda. Mgongo wako unaendeleaje? Na kile kikohozi cha Bijou, kimekwisha au bado kinawaamsha alfajiri? Huku kwangu tu wazima. Mke wangu Clotilde amenenepa na hataki niandike, kwa hiyo nimeandika. Lucien wetu ameota ndevu tatu, kila asubuhi anazihesabu kwenye kioo.

Mji umetulia kidogo tangu vita vya Desemba. Vizuizi vya barabarani vingalipo, na pale kiwandani tunapochapa magazeti watu hubishana mchana kutwa ni bendera ipi ipepee. Unanijua, ubishi haunipiti. Lakini mwaka huu nilikuwa na vita vyangu mwenyewe, na vimekwisha kwa furaha ambayo siwezi kuikalia kimya.

Ni habari ya mwanao Chanda. Mlipomleta kwangu asome, shemeji alisema wazi: akianguka tena darasa la kwanza, atarudi Lukafu kushika jembe, na mambo ya shule yataishia hapo. Yaliyofuata sikukuandikia, kwa sababu niliona haya.

Mwezi wa pili, shule zilipokuwa zimefunguliwa tena, mwalimu wake, Bwana Gérard, alituita mimi na Clotilde.

"Mutoto huyu hasemi kitu," akasema. "Ananiangalia tu. Haiko na akili ya masomo. Mumurudishe kwabo."

Niliwaka, dada. Nilimwambia kwamba anamfundisha mtoto kusoma lugha ambayo masikio yake hayajaizoea, halafu anashangaa kumwona amenyamaza. Yeye tukimketisha leo mbele ya kitabu cha Kirusi, atatuimbia? Nilimtajia vitabu, nilimtajia wataalamu, nilipiga meza yake mpaka chaki ikaanguka. Clotilde alikuwa ameketi kando amekunja mikono. Aliniacha nimalize, kisha akasema kwa upole:

"Baba Lucien, ambia basi mwalimu namna tunakulaka kwetu."

Sasa sikia dhambi yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sheria nyumbani: mezani ni Kifaransa tu. Anayetaka chakula akitaje kwa Kifaransa, la sivyo sahani impite. Nilidhani natenda wema. Lucien aliweza. Chanda, aliyetoka kwenu na Kibemba chake safi, alijua jina la kitu kimoja tu. Ugali wa bukari unapita, majani ya sombe yanapita, samaki anapita, naye anasema polepole, "Du pain." Wiki baada ya wiki mwanao alishindia mkate, nami nikajisifu kwa majirani kwamba mtoto wa Lukafu amependa vyakula vya kizungu!

Bwana Gérard aliposikia hayo alicheka mpaka akafuta machozi. "Ah, papa! Kumbe tuko babili benye kufunga mutoto kinywa!"

Niliinama nikaiokota chaki yake. Adrien, kuokota chaki! Clotilde anaisimulia siku hiyo hadi leo.

Jioni ileile sheria ikafa. Chanda alikula bukari hadi akasinzia na tonge mkononi.

Nikaanza kuleta vipande vya karatasi vinavyobaki kiwandani tunapokata magazeti, Clotilde anavishona kwa uzi viwe kitabu. Kila nikitoka kazini Chanda anasimulia kwa Kibemba, mimi naandika kama alivyosema, sigusi hata neno. Hadithi yake ya kwanza ilikuwa yako: siku ile ulipofukuza nyani kwenye mahindi ukipiga kifuniko cha sufuria. Nilipomsomea, aliufuata mkono wangu kwa macho, kisha akaushika.

"Mama iko humu ndani?"

"Iko."

Aliusoma ukurasa ule mara nne bila kuagizwa. Baadaye tukaandika kwa Kiswahili cha Katuba alichookota kwa wenzake. Kifaransa kilikuja mwisho, kikabisha hodi kama mgeni. Wapo wanaoniambia namchanganya mtoto kichwa. Waache! Anayelieleza jambo kwa lugha tatu wanamwita mjinga, na anayelijua kwa lugha moja wanamwita mwalimu.

Lakini sitamnyima haki Bwana Gérard. Aliomba vile vitabu vyetu vya uzi, akavisoma darasani. Alhamisi yeye mwenyewe alimpeleka Chanda kwa direkta wa shule. Direkta alifungua ukurasa ambao mtoto hajawahi kuuona, wa mwanamke na mbweha. Chanda alisoma Kifaransa chote, akikwama mara mbili. Akaulizwa maana yake. Akajibu kwa Kiswahili:

"Mama huyu anafukuza nyama ya pori, anaogopa itakula kuku yake. Lakini ku Noëli, ye mwenyewe atabakula bote."

Direkta alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mtu hacheki hivyo kwa mtoto asiyeelewa alichosoma.

Jana walitangaza matokeo uani, wazazi wote tumesimama juani. "Chanda: anapanda." Clotilde alipiga vigelegele kabla jina halijaisha. Mimi nilimkumbatia Bwana Gérard, niliyetaka kumla mbichi mwezi wa pili.

Shemeji Musonda, neno lako nililikumbuka mwaka mzima. Hakuanguka. Ninakuomba mbele ya mkeo: Septemba mrudishe.

Nisalimie mama Kalaba na mjomba Chibwe, na umpe Bijou busu kwenye shavu. Mungu awape mvua kwa wakati wake na awalindie nyumba.

Nisalimie pia katekista anayekusomea barua zangu siku zote, umwambie leo apumzike. Sauti unayoisikia tangu mwanzo wa karatasi hii ni ya Chanda, na hakuna aliyemfundisha barua hii kabla. Chini nimeacha nafasi tupu. Semeni jibu lenu juu ya Septemba, kwa Kibemba, naye ataliandika.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata ninapobisha,

Adrien Mwansa